Saburi ya Mgonjwa

Anapofariki mama aliyeugua miaka mingi, wasemaji matangani aghalabu hulishika neno moja: alisubiri. Alilea wana na wajukuu, maradhi yamo mwilini, wala hakumsumbua mtu. Neno hilo ni la heshima na sitaki liondolewe. Ninauliza tu kama linamtukuza marehemu, au linatupumzisha sisi tuliobaki.

Bibi yangu mzaa mama, wa Newala, aliishi na matende ya mguu tangu kabla sijazaliwa. Chanzo chake ni minyoo wanaoenezwa na mbu. Mwaka 2000 ugawaji wa dawa kwa umma ulianzia Mafia, kisha ukafika na kwetu kusini, ukawakinga wengi. Lakini mguu uliokwisha kuvimba dawa hizo haziurudishi ulivyokuwa. Mguu huo hutaka kuoshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe hata katikati ya vidole, uinuliwe mtu anapopumzika. Ni tiba nyepesi, ila penye maji.

Uwanda wa Makonde hauna maji ya karibu. Mchanga huimeza mvua, chemchemi ziko mabondeni. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika masimulizi ya wenyeji: mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mwanamke, ikawa hai, akamwoa. Watoto wao wawili, waliozaliwa mabondeni, hawakuishi. Wa tatu, aliyezaliwa juu uwandani, akaishi. Kizazi kikausiwa kikae mbali na maji, kwani huko ndiko kwenye maradhi. Wosia wa busara, mtu akiwafikiria mbu. Lakini gharama yake ililipwa kwa vichwa vya wanawake waliopanda mteremko na mitungi, na hata mradi wa maji wa miaka ya 1950 ulipoanza kuyapandisha kwa pampu, bomba lilikuwa na siku zake za kukauka.

Siku hizo bibi aliligawa debe moja: chungu kwanza, watoto wanawe, mguu upate kilichobaki. Tuliuita upendo, na kweli ulikuwa upendo. Kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, basi alikuwa akiunywesha ukoo wake. Hata hivyo upendo wa mgonjwa haujibu swali la debe la pili: lilikuwa wapi, na nani alipaswa kulileta?

Kitabu cha Weule kilifasiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner. Mama huyohuyo, pamoja na William Hichens, aliuchapisha mwaka 1934 utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, na kichwa walichoupa kikataja wajibu wa mke. Tangu hapo wengi wameusoma kama somo la utiifu. (Sisi wafasiri tuna madaraka makubwa kuliko tunavyokiri.) Lakini aliyeutunga, mnamo 1858, alikuwa mgonjwa, na miaka miwili hivi baadaye akafariki. Anamwita binti yake aje na wino na karatasi, na ndwele yake anaitaja waziwazi. Mbele anamwomba Mola amponye. Hakuna aliyewahi kusema amekosa saburi. Nabii Ayubu naye, anayesomwa misikitini pwani na makanisani Masasi, alilia kwa Mola wake kwamba dhara limempata, na jina la msubirifu hakunyang'anywa. Kumbe kunyamaza hakukuwa sharti. Sharti hilo tumelitia sisi wazima, kwa kuwa anayetaja maumivu yake huomba kitu.

Na bibi aliyataja. Homa ya mtoki ilipompanda alisema kwa sauti kwamba mguu unawaka, na wako jamaa walioona haya mbele ya wageni. Mama yangu, aliyeolewa Masasi, hakuona haya. Alipopanda kuja kumwangalia, hata mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, alikwenda bondeni mwenyewe, akarudi na maji, akakaa chini na kuuosha ule mguu kwa ndoo nzima. Majirani walikuja kutazama. Ndoo nzima, walisema, kwa mguu mmoja.