Darubini Kubwa au Ndogo?

Vijana wawili wa hapa Chekereni wametujia na swali. Wanataka kuchanga fedha wanunue darubini ya kutazamia nyota. Je, ipi bora, kubwa au ndogo?

Mwalimu huanza na hesabu. Darubini yenye kioo cha upana wa sentimeta 20 hukusanya mwanga mara nne ya ile ya sentimeta 10, kwa kuwa mwanga huingia kwa kadiri ya eneo la kioo, si upana wake. Kwa hiyo kubwa huonyesha nyota hafifu ambazo ndogo haizifikii. Hilo hatulikatai. Walakini ni nzito, bei yake ni kubwa, na vumbi la huku kwetu halina huruma. Ndogo ya sentimeta 6 tu huonyesha mashimo ya mwezi, pete za Zohali, na ile miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610, naye alitumia kioo kidogo kuliko hicho.

Hapa hapana budi tuungame jambo. Zamani, shule tuliyofundisha ilipewa hadubini nzuri. Tukaiogopea. Tukaifungia kabatini, ufunguo ukakaa mfukoni mwetu, ikawa ya kuonyeshwa wageni. Mwanafunzi mmoja aliomba atazame tone la maji ya mfereji. Tukamwambia asubiri. Akamaliza shule angali akisubiri. Wakati ule tuliuita uangalifu. Leo twauita choyo.

Mtu atasema: kitu kikishikwa na wote huharibika. Ni kweli, yafaa wafundishwe kukitunza. Lakini kitu kisichotumiwa kimekwisha kuharibika siku ile kilipofungiwa.

Basi vijana wajiulize kwanza: nani atatazama, na mara ngapi? Ikiwa ile kubwa itatolewa uani kila mawingu yanapoondoka, na mtoto wa jirani akaruhusiwa kuishika, wanunue kubwa. Ikiwa wataihofia hata waifunike mwaka mzima, ndogo yawatosha, tena yawazidi.

Sisi tumewashauri waanze na ndogo, wasiielekeze kwenye jua kamwe, na waite watoto wa majirani tangu usiku wa kwanza. Wakaomba tuwatunzie nyumbani kwetu, kwenye kabati lenye kufuli. Tumekataa.