Toba Haina Haraka



Huku Leuven, Ubelgiji, jana nilipika stoofvlees, chakula cha watu wa Flandria: nyama ya bega la ng'ombe, vitunguu vingi, bia nyeusi, na juu yake mkate uliopakwa haradali. Hupikwa kwa moto mdogo, kama muda wa saa 3. Mimi nikaongeza moto, nyama ikakakamaa.

Nikamkumbuka mdogo wangu. Nilimkosea, nikamwomba msamaha, halafu nikamkasirikia eti hakunisamehe siku ileile. Jamani, huko ni kutubu au kudai deni?

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuweka uvumilivu chini ya fadhila ya nguvu. Basi kungoja si udhaifu. Nikapunguza moto, taratibu nyama ikalainika.

Leo nampigia mdogo wangu. Kumsalimia tu.