TUSIMWONEE HAYA MZEE ANAYEKAA KIJIJINI

Somo: 2 Samweli 19:31-39



Barzilai alikuwa mzee wa miaka 80, tena tajiri. Daudi alipokuwa mkimbizi, yeye ndiye aliyemlisha. Vita ilipokwisha, mfalme akamwalika Yerusalemu amtunze. Mzee akakataa. Alitaka kufa kwao, karibu na kaburi la wazazi wake. Mfalme hakukasirika. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi.

Mimi shemasi wenu sikuwa na moyo wa Daudi. Mama yangu alikaa kwangu Lubumbashi miaka 6. Siku moja akafunga vitu vyake, akarudi kijijini. Majirani wakasema nimemfukuza. Wengine wakanong'ona kwamba ni mlozi, ndiyo maana anajificha porini. Haya ikanishika. Nikapanda kamio, kisha kinga siku nzima, niende kumrudisha.

Nikamkuta katika nyumba ya majani, na kuku watano na shamba la mihogo. Usiku taa ilizimwa mapema ili mafuta yasiishe. Nikasema, "Mama, haya ni mateso." Akanijibu, "Mwanangu, kwako nilikula na kukaa bure. Hapa jirani akigonjwa ananiita nimwombee. Kule nani aliniita?" Nikakosa jibu.

Tukumbuke, wapendwa: mwaka 1921 Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya Bwana Nkamba, kijiji alikozaliwa, si katika mji mkubwa. Alifariki mfungwa huko Elisabethville mwaka 1951, na mwaka 1960 mwili wake ukarudishwa Nkamba. Neema haiogopi njia ya vumbi.

Lakini sikieni vizuri. Wako wanaosema, "Mzee amechagua mwenyewe", kisha wanafunga mfuko. Hiyo ni dhambi. Barzilai alikuwa na mali yake. Mama zetu wengi hawana hata pansio. Wanahitaji chumvi, sabuni, blanketi, dawa, na kuona uso wa mtoto wao. Na anayemwita mzee mlozi kwa sababu anakaa peke yake, atubu.

Barzilai alimpa mfalme kijana Kimhamu aende naye mjini. Mimi nimempelekea mama kijana wangu, atengeneze paa kabla ya mvua. Wewe utamtuma nani? Kiangazi hiki, njia zikiwa kavu, kila jamaa imtembelee mzee wake, si kumrudisha kwa nguvu, bali kupokea baraka yake.

Bwana awabariki wote. Amina.