Mume Katika Wasifu wa Marehemu

Wasifu unaosomwa kwenye mazishi ya mtumishi wa umma aliyestaafu tunaujua karibu wote kwa moyo. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa, akahamishwa wilaya hii na ile, akapanda cheo, akastaafu. Mwishoni kabisa, msomaji akiwa amechoka na watu wakitazama jua, husemwa kwamba marehemu ameacha mjane na watoto kadhaa. Ndoa ya miaka arobaini hupewa sentensi moja.

Hapa usharikani tulimzika mzee mmoja aliyekuwa bwana shamba. Wakulima wa kahawa walisimama kumsifu, na walisema kweli: alipita kihamba kwa kihamba kwa miguu, akigeuza majani kutafuta kutu, akikagua matunda yenye chulebuni, wala hakungoja gari la ofisi. Wasifu ulitaja pia, kwa haraka, kwamba alistaafu kwa hiari. Sheria yetu inamruhusu mtumishi kuomba kuondoka akiwa na miaka 55, ingawa kustaafu kwa lazima ni 60. Yeye aliondoka kwa sababu mkewe alipata kiharusi. Miaka yake ya mwisho ya nguvu aliitumia kumwogesha, kumlisha uji, kufua nguo zake na kuzianika mbele ya macho ya majirani.

Wapo waliosema alipoteza kipaji. Neno hilo tusilipuuze. Wilaya ilimkosa mtaalamu miaka mitano, na mkulima ambaye mibuni yake inaugua naye ni jirani anayestahili kupendwa. Je, mgonjwa mmoja kitandani awazidi wakulima wote wale?

Mwaka 1522, miaka mitatu kabla ya kumwoa Katharina von Bora, Martin Luther aliandika kwamba baba anayefua nepi za mtoto huchekwa na watu kama mpumbavu, ilhali Mungu na malaika zake wanafurahi. Alikuwa akipinga fikra ya siku zake kwamba utumishi mtakatifu uko kwenye monasteri na ndoa ni daraja la chini. Kwetu monasteri si tatizo. Ofisi ndiyo imeketi mahali pake. Tunaamini mtu hutumikia akiwa kazini na hupumzika akirudi nyumbani, na anayempikia huko nyumbani hatumhesabu kuwa yuko kazini.

Kwa hiyo tunasema mzee yule hakuacha utumishi, alihama kituo. Serikali ingeweza kumpata bwana shamba mwingine, hata kama asingemfikia kwa bidii. Mkewe hakuwa na mume mwingine. Hatusemi kila mwenye mgonjwa aache kazi. Asiye na pensheni, anayemwacha mkewe na mtoto wa jirani alfajiri ili akatafute kibarua cha kununulia dawa, anatimiza kiapo kilekile, pengine kwa machozi zaidi. Wala hatumpi marehemu alama za kuingilia mbinguni. Wokovu wake haukutegemea beseni la kufulia.

Liko jambo linalotusumbua katika sifa hizi. Mwanamume akimfulia mke mgonjwa, usharika mzima unasimulia. Mama akimwuguza mume aliyepooza miaka kumi, tunasema ni wajibu wake, na siku yake ikifika wasifu unaruka miaka hiyo kana kwamba alikuwa amelala. Tukimsifu mzee kwa kuwa alikubali kushuka kwenye kazi za wanawake, tumemtukana mkewe, ambaye alizifanya kazi hizo hizo tangu siku ya harusi hadi siku mkono ulipokufa ganzi.

Siku hizi familia zinapoleta wasifu kabla ya ibada, wazee wa kanisa huuliza: marehemu alimwuguza nani, naye aliuguzwa na nani? Wengine hushangaa, wakadhani tunatafuta habari za hospitali. Binti mmoja alikaa kimya kidogo, akaomba kalamu, akaandika nyuma ya karatasi kwamba mama yake alimgeuza baba kila baada ya saa mbili usiku, miaka sita, na asubuhi alikwenda shamba.