Kwa Mpwa Wangu Aliyepewa Ofisi

Mwanangu, kaa kwanza, na hiyo simu iweke kando. Nitasema polepole, maana pumzi yenyewe siku hizi si nyingi.

Juzi ulinilalamikia kwamba vijana wa ofisini kwako ni wepesi: huyu kila mara anaomba ruhusa, yule anakutwa chooni akilia, mwingine anakosea hesabu ambazo mwaka jana alizimaliza bila shida. Ukasema wanajidekeza. Neno hilo nimelisikia tangu enzi zangu za kiwandani, kwa mabosi wa kila aina, na limenichosha.

Hebu mfuate mmoja wao siku moja tu. Saa kumi alfajiri yuko macho kule Chanika. Anasimama kwenye daladala, anabadilisha gari Gongo la Mboto, anafika kwako akiwa ameshachoka. Mshahara wake una wenyewe kabla haujatoka: kodi, ada, mama kijijini, na watu wa mikopo ya kausha damu wanaompigia hata akiwa kwenye kikao. Jioni, foleni ileile. Halafu saa tano usiku, ndiyo kwanza amejinyoosha, simu inalia. Ni wewe, kwenye grupu la ofisi, unauliza ripoti iko wapi. Wewe umeuliza ukalala. Yeye halali tena.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 unayo kabatini. Isome. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Za ziada zisizidi 50 katika wiki 4, tena kwa makubaliano na kwa malipo ya mara moja na nusu. Na kati ya kutoka kazini na kurudi, mtu ana saa 12 mfululizo za kupumzika. Ujumbe wako unazikata katikati.

Likizo ya ugonjwa nayo ni siku 126 katika miezi 36, nusu yake ya kwanza kwa mshahara kamili. Anatakiwa kuleta cheti cha daktari. Hakuna palipoandikwa kwamba mguu uliovunjika ni ugonjwa na sonona ni uvivu. Lakini nani atathubutu kukuletea cheti cha hospitali ya akili ya Mirembe? Anajua kabla ya chai ya saa nne ofisi nzima itakuwa inamwita chizi. Basi anasema ana malaria. Nimewaona wengi wenye malaria ya namna hiyo, mwanangu, na wengine hawakurudi kazini kabisa. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi, huu unaowamaliza vijana wako, kuwa unatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Chanzo wamekiona kazini. Wewe unakitafuta kwenye tabia ya mtu.

Kuanzia kesho, grupu lile linyamaze saa kumi na mbili jioni. Anayekwenda likizo yake ya siku 28 asipigiwe. Ukimwona mtu amebadilika, mwite pembeni, muulize hali yake kabla ya kumuuliza kazi, na akianza kusema usimkatize.

Na yule binti wa uhasibu uliyemwandikia barua ya onyo kwa siku alizokosa, hukumuuliza alikuwa na nini. Kamuulize. Barua iondoe kwenye faili lake kabla ya Ijumaa.