Sura Iliyokaa Mezani

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanywa, vikazaliwa vyuo vikuu vitatu: Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Wengi wetu wa kizazi kilichofuata tulipelekwa ng'ambo kusomea udaktari, tukarudi kufundisha. Mimi nilisomea Uingereza. Msimamizi wangu alikuwa na wanafunzi watatu wa uzamivu. Nikimpa sura, baada ya majuma mawili aliirudisha imejaa wino.

Nyumbani nilijikuta na wanafunzi tisa. Katika idara yetu tulikuwa wawili tu tulioruhusiwa kusimamia tasnifu. Mshahara haukufika katikati ya mwezi, kwa hiyo usiku niliandika ripoti za wafadhili ili nilipe ada za watoto.

Mwanafunzi mmoja, mama wa watoto wawili, aliniletea sura ya tatu mwezi wa Machi. Kila alipopita ofisini aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nami nilimjibu, "Marahaba, mama. Naisoma." Sikuwa nimeifungua. Ilipofika Novemba ufadhili wake ulikwisha, akarudi kufundisha sekondari. Tasnifu aliimaliza miaka minne baadaye.

Je, nilimdhulumu? Kwa muda mrefu nilijitetea kwa umaskini. Ningemkataa, nani angemsimamia? Utetezi huo una ukweli ndani yake, maana mzigo wa watu tisa haubebwi kama wa watatu. Lakini umaskini ulinichelewesha tu. Haukunilazimisha kusema "naisoma". Neno hilo nililichagua mwenyewe, nisije nikaona haya mbele ya mwanafunzi. Ningalimwambia, "Mama, sitaisoma kabla ya Agosti," angalimwendea mwenzangu, au angaliwaandikia wafadhili mapema wamwongezee muda. Kuchelewa kwangu kulimcheleweshea sura moja. Uongo wangu ulimnyima nafasi ya kujiamulia mambo yake.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini miaka minne ya mtu hailipiki. Siku aliyohitimu nilimwomba radhi. Alisema, "Yamepita, Mwalimu," wala hakuongeza neno.

Sasa yeye mwenyewe ni msimamizi. Juzi nilimpitia ofisini nikamkuta na kijana aliyefuata kazi yake. Rundo la karatasi mezani lilikuwa kubwa kuliko lililokuwa langu. Alimtazama usoni akamwambia, "Bado sijaisoma. Njoo Ijumaa, tarehe 20."

Kijana alitoa kalamu, akaiandika ile tarehe.