Kutazama na Kuona

Watu wengi hudhani kwamba kuona ni jambo lisilotaka taabu. Mtu hufumbua macho, na ulimwengu huingia wenyewe. Macho hayana pazia, walisema wazee wetu. Kama ndivyo, basi hapana sifa kwa aonaye vema wala lawama kwa aonaye vibaya, maana kila mmoja hupokea tu kilicho mbele yake. Sisi twaamini sivyo. Kuona ni kazi, tena ni wajibu, na mtu aweza kusema uwongo kwa macho yake kabla hajafungua kinywa. Ili tulipime neno hili, na tumfikiri mtu mmoja ambaye kutazama ndiko kulikokuwa kazi yake ya kila siku, yaani mchoraji wa mandhari ya nchi.

John Constable alizaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, jimbo la Suffolk, Uingereza. Baba yake alikuwa na vinu vya kusaga nafaka, vya maji na cha upepo, na kijana alifanya kazi kinuni kabla ya kuingia shule ya uchoraji ya Royal Academy, London, mwaka 1799. Jambo hili la kinu si dogo. Msagaji wa kinu cha upepo hana budi kuyajua mawingu, kwani asipoitambua dhoruba mapema, mabawa ya kinu yaweza kuvunjika. Kwake mbingu si pambo, ni riziki.

Siku zile wachoraji wengi walijifunza mandhari katika picha za mabingwa wa kale kuliko katika mashamba yenyewe. Picha hizo zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia kwa uzee na kwa vanishi, na watu wakadhani kwamba ndivyo nchi ipasavyo kuonekana. Husimuliwa kwamba Sir George Beaumont, rafiki yake na mpenzi mkubwa wa picha, alimshauri achukue rangi ya fidla kuukuu iwe kipimo cha picha zake. Constable hakubishana. Alitwaa fidla, akailaza juu ya majani mabichi mbele ya nyumba. Hapo kila mwenye macho aliweza kuamua mwenyewe.

Beaumont hakuwa mjinga, wala hakuwa mwongo. Alikuwa amezipenda picha mno hata akasahau kuyaangalia majani. Naye Constable alikwisha kuitambua hatari hiyo tangu mwaka 1802, alipomwandikia rafiki yake wa kijijini kwamba ameitafuta kweli katika kazi za watu wengine, na sasa atarudi Bergholt kuitafuta mahali ilipo. Wahenga wetu wangalimwelewa mara moja: usisafirie nyota ya mwenzio.

Lakini mafundisho makubwa kuliko yote tunayapata katika mawingu. Mwaka 1821 na mwaka 1822, juu ya kilima cha Hampstead karibu na London, Constable alichora mawingu mara nyingi sana, kwa rangi za mafuta juu ya karatasi, mara nyingine bila mti wala nyumba. Wingu halimngoji mchoraji, kwa hiyo alifanya upesi. Kisha nyuma ya karatasi nyingi aliandika tarehe, saa, na upande uvumako upepo. Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu alikubali kwamba hakuona mawingu yote. Aliona wingu hili, saa hii, kwa upepo huu. Kesho hana budi kupanda tena kilimani, na kutazama kana kwamba hajapata kuona wingu.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi walimu. Mwalimu asemaye, "Mtoto huyu ni mzito wa akili," amechora picha, lakini hakuandika saa. Je, alimtazama asubuhi ya siku aliyokuja bila kula? Au katika juma ambalo mama yake alikuwa mgonjwa? Au hakumtazama kabisa, bali alimkumbuka kaka yake aliyekaa dawati lile lile miaka mitatu kabla yake? Mtoto hubadilika kama wingu, lakini neno la mwalimu hukaa. Aghalabu mtoto huliamini, akaishi kwa kulifuata, na picha mbaya ikawa kweli kwa kosa la mchoraji. Kadhalika mtu asemaye kwamba watu wa kabila fulani ni wavivu au wezi, naye hajakaa nao hata siku moja, ameilaza fidla kuukuu juu ya majani, na bado asema majani ni ya kahawia.

Yamkini msomaji atauliza: je, mtu akizoeza macho yake hivi atakuwa mwema? Hatuwezi kujibu kwa haraka. Picha mashuhuri ya Constable, ile ya gari la majani katikati ya mto, ilionyeshwa London mwaka 1821 bila kununuliwa. Mwaka 1824 ikapata medali ya dhahabu Paris. Tukiitazama, twaona mbingu iliyo hai, maji yanayong'aa, na mbwa ukingoni. Wakata majani wako mbali sana kondeni, wadogo kama nukta nyeupe. Lakini miaka ile, baada ya vita vya Napoleon kwisha mwaka 1815, vibarua wa mashamba wa Uingereza walikuwa katika dhiki kubwa ya kazi na mshahara. Mwaka 1822 katika nchi za mashariki, na tena mwaka 1830 mahali pengi, walivunja mashine za kupura nafaka. Dhiki hiyo haimo pichani, na Constable mwenyewe aliyapinga mageuzi ya Bunge yaliyodaiwa siku zile.

Hatusemi haya ili kumshusha. Twayasema kwa kuwa ndiyo nusu ya pili ya somo. Jicho lililozoezwa kwa mawingu halijazoezwa kwa wanadamu. Kila kitu chadai kutazamwa kwa ajili yake, na ustadi wa mahali pamoja haumwachilii mtu deni la mahali pengine. Mwalimu aweza kuona kosa la herufi moja katika daftari, asione machozi ya mwenye daftari.

Katika mfano wa Msamaria, watu watatu walimkuta majeruhi njiani, na macho ya watatu yalikuwa mazima. Mmoja tu ndiye aliyesimama. Twaona basi kwamba kusimama ndiko mwanzo wa kuona, na kurudi tena kesho ndiko kudumu kwake. Basi, ndugu zetu, kabla hatujasema juu ya mtu, "Huyo namjua," na tujiulize tulimtazama lini, kwa muda gani, na siku hiyo upepo ulikuwa ukivuma kutoka wapi. Tusipoweza kujibu, yafaa tunyamaze, tukapande kilima mara nyingine.